Flashi, Modemu, Printa na Mizani Ndani ya Mashine Pepe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wenye steshenari, mafundi, wanafunzi wa TEHAMA na makarani wa mizani wa Mwanza na mwambao wa ziwa wanaoendesha mfumo mmoja wa kompyuta ndani ya mwingine. Mifano mingi ni ya VirtualBox, kwa kuwa programu yake ya msingi haina malipo na inakubali Windows na Linux. VMware, Hyper-V na KVM, programu nyingine za kazi hiyohiyo, zimetengewa swali lao huko chini. Tukisema mwenyeji tunamaanisha kompyuta yenyewe iliyo mezani. Mgeni, yaani mashine pepe, ni mfumo unaoendeshwa ndani yake. Majina ya menyu na amri tumeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini ili usihangaike kuyatafuta.

Nimechomeka flashi, mwenyeji anaiona lakini mgeni haioni. Kwa nini?

Kwa sababu kifaa cha USB huwa na bwana mmoja kwa wakati mmoja, na bwana wa kwanza ni mwenyeji, maana tundu ni lake. Mgeni hakipati mpaka mwenyeji akiachie. Shika hilo, maana litarudi karibu kila swali.

Mashine ikiwa inawaka, fungua menyu ya «Devices», kisha «USB», weka tiki kwenye jina la flashi. Kwa mwenyeji itatoweka, na sekunde chache baadaye itatokea kwa mgeni. Kama orodha ni tupu au majina yamefifia, zima mashine na uangalie kwenye «Settings», «USB», kama «Enable USB Controller» ina tiki. Kwa mwenyeji wa Linux, mara nyingi kasoro ni kwamba akaunti yako haimo kwenye kundi la vboxusers:

`sudo usermod -aG vboxusers $USER`

Baada ya amri hiyo toka kwenye akaunti uingie upya, au washa kompyuta upya kabisa. Kufunga na kufungua VirtualBox peke yake hakutoshi, kwa sababu uanachama wa kundi husomwa wakati wa kuingia.

Jambo la tatu ni toleo. Kabla ya VirtualBox 7.0, iliyotoka Oktoba 2022, USB 2.0 na 3.0 zilihitaji Extension Pack, kifurushi cha nyongeza kinachopakuliwa kando. Bila hiyo ulibaki na 1.1. Kuanzia 7.0 zote zimo kwenye programu ya msingi. Extension Pack bado inahitajika kwa kamera na kwa kuiendesha mashine ukiwa mbali, na namba ya toleo lake lazima ilingane na ya VirtualBox. Leseni yake ni ya bure kwa matumizi binafsi na ya masomo. Ofisi ya biashara inatakiwa kulipia. Kama kazi yako ni flashi na mizani tu na una 7.0 au zaidi, usiipakue.

Nichague USB 1.1, 2.0 au 3.0?

Mgeni akiwa Windows 10, 11 au Linux ya kisasa, chagua 3.0. Akiwa Windows 7 au XP, chagua 2.0: mifumo hiyo haikuja na draiva ya USB 3.0, hivyo utachomeka na hakuna kitakachotokea, wala ujumbe wa kosa hutauona. 1.1 iache kwa vifaa vya zamani vinavyogoma kwingine kote. Kunakilisha mafaili kwa kasi hiyo ni mateso.

Nataka flashi iingie kwa mgeni yenyewe, bila kufungua menyu kila mara.

Tumia kichujio, yaani kanuni inayoiambia VirtualBox kifaa gani kiende kwa mgeni chenyewe. Kwenye «Settings», «USB», upande wa kulia kuna kitufe chenye alama ya kujumlisha: chomeka kifaa, bonyeza kitufe hicho, chagua kifaa. VirtualBox itajaza namba ya mtengenezaji, namba ya bidhaa, toleo na namba ya pekee ya kifaa hicho («Serial No.»). Futa toleo na hiyo namba ya pekee, bakiza mtengenezaji na bidhaa. Ukiviacha vyote, kichujio kitakubali flashi hiyo moja tu, hata pacha wake wa boksi moja kitamkataa.

Kuna pia kichujio kitupu, kinachokubali kila kitu. Hicho ni kizuri na cha hatari kwa pamoja. Mashine ikiwaka itabeba pia kipanya na kibodi za USB, na mwenyeji atabaki bila kitu cha kubonyezea. Ikikutokea, zima mgeni kwa kibodi hiyohiyo kutoka ndani yake, vifaa vitarudi. Ili kuzuia, weka katazo la jumla kwa kipanya chako. Mfano huu ni wa Logitech, ambayo namba yake ni 046d:

`VBoxManage usbfilter add 0 --target global --name Kipanya --action ignore --vendorid 046d`

Namba za vifaa vyako utaziona kwa `VBoxManage list usbhost`.

Nina steshenari. Wateja wanaleta flashi zenye virusi kutwa nzima. Mashine pepe inaweza kunilinda?

Inaweza, ukiipanga vizuri, na kwa maoni yetu hii ndiyo kazi bora ya mashine pepe katika duka la kuchapisha. Tuseme uko Malimbe karibu na chuo, wiki ya kukusanya ripoti, na kila flashi inayokuja imeshapita kompyuta nyingine tano. Mpango wenyewe ni huu.

Mgeni awe Linux nyepesi, kwa mfano Xubuntu au Linux Mint ya Xfce. Mpe RAM ya GB 2 na diski ya GB 20. Kompyuta ya GB 4 itahema. Ya GB 8 inabeba vizuri. Sakinisha LibreOffice pamoja na fonti zinazochukua nafasi za zile za Windows: Liberation Serif ina upana sawa na Times New Roman, na Carlito ina upana sawa na Calibri. Bila fonti hizo mistari inasogea, jedwali la yaliyomo linataja kurasa zisizo zake, na mteja ana haki ya kukataa kazi. Kwenye Ubuntu na Mint kifurushi cha Carlito kinaitwa fonts-crosextra-carlito.

Mashine ikiwa safi, chukua snapshoti, yaani kumbukumbu ya hali yake ya sasa unayoweza kuirudia. Kila jioni, au mara tu ukishuku jambo, zima mashine na urudi kwenye snapshoti hiyo. Kisha weka kichujio kitupu, na katazo la kipanya, kibodi na printa kama tulivyoeleza. Kwa mwenyeji zima AutoPlay: Windows 10 iko kwenye «Settings», «Devices», «AutoPlay»; Windows 11 iko chini ya «Bluetooth & devices». Hatua hii ni ya lazima.

Sasa flashi inapochomekwa inaingia Linux. Virusi vile vinavyogeuza mafaili yote kuwa shotikati havina nguvu humo, kwa sababu vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Tena Linux haijali alama ya kuficha ambayo virusi huiweka, kwa hiyo utaona kitu ambacho mteja anadhani kimepotea: mara nyingi ni folda moja isiyo na jina, au yenye jina la nafasi tupu, na ndani yake kazi yake yote imekaa salama. Nakili nyaraka anazotaka. Mafaili ya .lnk, .vbs na .exe usiyaguse mpaka mteja akubali yafutwe. Flashi ni yake.

Fungua waraka kwa LibreOffice, ugeuze PDF, na uchapishe PDF hiyo. Kama ni nyaraka nyingi:

`soffice --headless --convert-to pdf *.docx`

PDF ndiyo ivuke kwenda kwa mwenyeji, siyo waraka wa Word, kwa sababu makro, yaani amri zinazojiendesha, zilizofichwa ndani ya .doc au .docm husafiri na waraka. Mwoneshe mteja kurasa za mwanzo, za katikati na za mwisho kabla ya kubonyeza. Majedwali na milinganyo ndiyo huharibika kwanza.

Ulinzi huu una mipaka. Kwa muda mfupi sana baada ya kuchomeka, mwenyeji anakitambua kifaa kabla ya kukikabidhi, na kifaa kilichotengenezwa makusudi kujifanya kibodi kinaweza kutumia mwanya huo. Pia mashine ikiwa haijawashwa, kichujio hakifanyi kazi: flashi itaingia moja kwa moja kwa mwenyeji. Asubuhi washa mashine pepe kwanza, ndipo ufungue dirisha la wateja.

Nichomoeje flashi bila kuharibu data?

Toa kwanza ndani ya mgeni, kwa kitufe cha kutoa kifaa kwa usalama au, kwenye Linux, kwa `sync` kisha `umount`. Subiri taa ya flashi itulie. Halafu ondoa tiki kwenye «Devices», «USB». Hapo kifaa kinarudi kwa mwenyeji, na anaweza kukifungua papo hapo. Mwambie naye akitoe, ndipo uvute. Ukiondoa tiki wakati mgeni bado anaandika, ni sawa na kuichomoa kwa mkono.

Wakati wa kukabidhi, fuata njia hiyohiyo kwa kinyume. Kama mwenyeji ameshafungua folda ya flashi na unanakili kitu, maliza, uitoe kwake, ndipo umpe mgeni.

Folda ya pamoja inawekwaje?

Folda ya pamoja ni folda ya mwenyeji ambayo mgeni naye anaiona. Mgeni anahitaji Guest Additions, yaani draiva za nyongeza za kusakinishwa ndani yake, ambazo huja na VirtualBox. Washa mgeni, kisha «Devices», «Insert Guest Additions CD image».

Kwa mgeni wa Windows, fungua CD hiyo, endesha VBoxWindowsAdditions, washa upya. Kwa Linux ya jamii ya Ubuntu, tanguliza vifaa vya kujengea:

`sudo apt install build-essential dkms linux-headers-$(uname -r)`

kisha, ukiwa ndani ya CD:

`sudo sh ./VBoxLinuxAdditions.run`

Vifurushi vya amri ya kwanza vinatoka mtandaoni. Fundi anayevuka kwenda Nansio, Ukara au Kome kufunga mashine ya mteja avisakinishe kabla hajapanda meli, akiwa bado na mtandao wa uhakika. Mgeni aliyekwishakamilika mjini unaweza kumsafirisha mzima kama faili la .ova kupitia «File», «Export Appliance», ukamfungua kule bila kugusa bando.

Baada ya hapo nenda «Settings», «Shared Folders», ongeza folda. Chagua folda ya mwenyeji, ipe jina fupi lisilo na nafasi, tuseme kazi, weka tiki kwenye «Auto-mount» na «Make Permanent». Kwa mgeni wa Windows itakuwa `\\VBOXSVR\kazi`. Kwa Linux itakuwa `/media/sf_kazi`.

Linux inaniambia «Permission denied» nikifungua /media/sf_kazi.

Folda hiyo ni ya kundi la vboxsf. Jiunge, kisha washa mgeni upya:

`sudo usermod -aG vboxsf $USER`

Ukipendelea kuiweka kwingine kwa jina lako mwenyewe:

`sudo mount -t vboxsf -o uid=1000,gid=1000 kazi /mnt/kazi`

Jibu likiwa «unknown filesystem type 'vboxsf'», Guest Additions hazijashika. Kama jana zilifanya kazi na leo zimegoma, tazama kama kerneli, yaani kiini cha Linux, ilisasishwa usiku. Sakinisha linux-headers za kerneli mpya, kisha `sudo /sbin/rcvboxadd setup`.

Je, folda ya pamoja inakula bando?

Hapana. Data inapita ndani ya kompyuta hiyohiyo. Kinachokula bando ni masasisho ya mgeni: Windows ya ndani hujisasisha kama kompyuta kamili, juu ya masasisho ya mwenyeji. Ndani ya mgeni nenda kwenye mipangilio ya mtandao uwashe «Metered connection», au mnyime mtandao kabisa kwa kuondoa tiki ya «Cable Connected» kwenye «Settings», «Network». Folda ya pamoja, flashi na mizani vitaendelea kufanya kazi.

Niweke nini kwenye folda ya pamoja, na nini nisiweke?

Weka nyaraka, picha, PDF, ripoti za mwisho wa siku. Usiweke faili la hifadhidata linalotumika, iwe SQLite, Access au data za MySQL. Hifadhidata hutegemea kulifunga faili wakati wa kuandika, na kufuli hilo halivuki vizuri kati ya mgeni na mwenyeji. Programu ya mauzo inaweza kwenda sawa wiki nzima, halafu siku mauzo yamepamba moto ikasema faili limeharibika. Hifadhidata ikae kwenye diski ya mgeni mwenyewe. Kinachoingia kwenye folda ya pamoja ni nakala ya akiba.

Wanafunzi wanaojifunza programu za wavuti hukutana na jambo la jamaa hiyo: `npm install` inakwama ndani ya folda ya pamoja, mara nyingi kwa ujumbe wa «Protocol error» au «Read-only file system» kwenye `symlink`. VirtualBox imezima uundaji wa viungo vya aina hiyo kwa makusudi ya usalama, ili mgeni asichore njia ya kutoroka nje ya folda aliyopewa. Jaribu `npm install --no-bin-links`, au bora uweke mradi kwenye diski ya mgeni na utumie git. Hata programu inayotazama mabadiliko ya mafaili ili ijiwashe upya huwa haipati taarifa za mabadiliko yaliyofanywa upande wa mwenyeji.

Kama mgeni anahitaji kusoma tu, weka tiki ya «Read-only». Kwa mashine ya kukagulia flashi, usimpe folda ya kuandikia zaidi ya ile moja ya PDF.

Modemu yangu ya USB nikimpa mgeni inaonekana kama CD, halafu inapotea.

Modemu nyingi za laini huanza kama CD yenye programu ya kusakinisha, kisha hujigeuza kuwa modemu. Zikijigeuza hubadilisha namba ya bidhaa. Modemu ya Huawei, kwa mfano, inaweza kuanza kama 12d1:1446 na kuwa 12d1:1506. VirtualBox inaona kifaa kimoja kimechomolewa na kingine kipya kimechomekwa, na kichujio chako kilichoandikiwa 1446 hakikitambui tena. Hariri kichujio: bakiza mtengenezaji 12d1, futa namba ya bidhaa. Kwa mgeni wa Linux hakikisha usb-modeswitch, programu inayoigeuza CD hiyo kuwa modemu, imo.

Ila jiulize kwanza kama kuna haja. Kama unachotaka ni intaneti, mwachie mwenyeji modemu. Mgeni ataipata kupitia mtandao wa NAT, unaompitisha nje kwa mgongo wa mwenyeji, ambao umewekwa tayari. Modemu zinazofunguka kwa kivinjari kwenye 192.168.8.1 huonekana kwa kompyuta kama kadi ya mtandao, na hizo huna faida yoyote ya kuzihamisha. Mpe mgeni modemu pale tu unapotumia programu ya kutuma SMS nyingi au kusoma salio la laini iliyo ndani yake.

Na simu?

Tatizo ni lilelile la kubadilika namba: simu inapotoka kwenye kuchaji kwenda kuhamisha mafaili, hujitambulisha upya. Kichujio kiwe cha mtengenezaji peke yake. Samsung ni 04e8, na simu nyingi za chipu ya MediaTek huonekana kama 0e8d. Kwenye simu chagua kuhamisha mafaili baada ya mgeni kuishika, maana ukichagua mapema mwenyeji wa Linux huwahi kuifungua na kukataa kuiachia. Waya za bei nafuu zenye nyaya za kuchaji tu hazipitishi data kwa yeyote, mwenyeji wala mgeni. Jaribu waya kwa mwenyeji kwanza.

Tuna mizani ya kidijitali yenye tundu la pini 9, na programu yake ni ya Windows XP. Kompyuta mpya haina tundu hilo. Tufanyeje?

Swali hili linawahusu wanaopima samaki na dagaa, kuanzia Mwaloni Kirumba mpaka kwenye maghala, ambako mizani ni nzima, programu ni nzima, na kilichokufa ni kompyuta. Mashine pepe ya XP kwenye kompyuta mpya inaokoa vyote viwili. XP iliacha kupata msaada Aprili 2014, kwa hiyo mgeni huyu asipewe mtandao hata kidogo. Ripoti zitoke kwa folda ya pamoja.

Nunua waya wa kubadili kutoka pini 9 kwenda USB, na uangalie chipu iliyo ndani. Kwenye `lsusb` au `VBoxManage list usbhost` utaona 0403:6001 kama ni FTDI, 067b:2303 kama ni Prolific, 1a86:7523 kama ni CH340. FTDI halisi ndiyo isiyosumbua. Prolific za zamani zina kasoro yake: draiva mpya ya Windows 10 na 11 huzikataa, na kwenye Device Manager utasoma «PL2303HXA PHASED OUT SINCE 2012» au kosa la Code 10. Watu hutupa waya hapo. Usiutupe, kwani ukimkabidhi mgeni waya huo kama kifaa cha USB, draiva ya mwenyeji haihusiki tena, na XP yenye draiva ya zamani itaupokea. USB ya mgeni iwe 2.0.

Njia ya pili ni kumwachia mwenyeji waya na kumpa mgeni tundu la kuiga. «Settings», «Serial Ports», «Port 1»: weka tiki ya kuwasha, namba iwe COM1, «Port Mode» iwe «Host Device», na «Path» iwe COM3 au namba uliyoiona kwa mwenyeji. Kwa Linux ni `/dev/ttyUSB0`, na akaunti yako iwe kwenye kundi la dialout. Njia hii inafaa hasa pale programu ya zamani inapokubali COM1 au COM2 tu, wakati waya umejipa COM7. Waya usipokuwepo mashine itakataa kuwaka, na karani atadhani kompyuta imeharibika. Bandika karatasi: chomeka mizani kabla ya kuwasha.

Kabla ya kulaumu programu, ipime njia yenyewe. Kwa mgeni au mwenyeji wa Linux:

`screen /dev/ttyUSB0 9600`

Weka juu ya mizani kitu ambacho uzito wake unaujua, kama jiwe la kilo 5. Namba zikija sawasawa, njia ni nzima. Zikija alama za ajabu, kasi hailingani: jaribu 4800, 2400 au 1200, na uangalie kwenye menyu ya mizani kama mpangilio wa biti ni 8-N-1 au 7-E-1. Kusipokuja kitu kabisa, kuna sababu tatu. Mizani inaweza kuwa inasubiri kitufe cha kuchapisha kibonyezwe, badala ya kutuma mfululizo. Pini 2 na 3 zinaweza kuwa zinahitaji kupishanishwa, na kwa hilo unahitaji waya wa msalaba. Au pini zenyewe zina kutu ya kijani kutokana na maji ya samaki. Zisafishe kwa spiriti na mswaki laini, mizani ikiwa imezimwa. Pini 5 ni ya ardhi, na ikiguswa na kutu namba huja na kukatika.

Printa: nimpe mgeni au nishirikishe kwa mtandao?

Kama printa ina Wi-Fi au waya wa mtandao, isajili ndani ya mgeni kwa anwani yake, kwa mfano 192.168.1.50, badala ya kusubiri itafutwe. NAT hupitisha uchapishaji vizuri lakini haipitishi matangazo ambayo printa hujitangazia, ndiyo maana utafutaji hurudi mikono mitupu huku printa ipo.

Printa ya USB inayotumiwa na pande zote mbili ibaki kwa mwenyeji. Ongeza kadi ya pili ya mtandao kwa mgeni, aina ya «Host-only Adapter». Mwenyeji atakuwa 192.168.56.1. Shirikisha printa kwa mwenyeji wa Windows, na ndani ya mgeni iunganishe kama `\\192.168.56.1\jina`. Ikigoma, karibu daima ni ukuta wa moto wa Windows, unaouhesabu mtandao huo kuwa wa umma. Ruhusu kushirikisha mafaili na printa. Kumkabidhi mgeni printa nzima tunakushauri pale tu printa ni ya zamani na draiva yake inaishia Windows 7.

Diski ya nje ya TB 1: mgeni na mwenyeji wanaweza kuitumia pamoja?

Ndiyo, kwa njia moja tu: ibaki kwa mwenyeji, na herufi yake, tuseme `E:\`, iwe folda ya pamoja. Hapo mwenyeji peke yake ndiye anayeandika kwenye diski, naye mgeni anamwomba.

Kuna mbinu ya kumpa mgeni diski ghafi, yaani diski yenyewe nzima, kupitia faili la .vmdk; ina kazi zake, kama kuokoa data, lakini diski hiyo isiwe imefunguliwa na mwenyeji hata sehemu moja. Kila mfumo huweka kumbukumbuni ramani yake ya mafaili. Wawili wakiandika kila mmoja kwa ramani yake, mmoja anafuta alichoandika mwenzake bila kujua. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Uharibifu hauonekani siku hiyo, na ukionekana nakala za wiki nzima zimeshachafuka.

Umeme ukikatika katikati ya kazi?

Kompyuta ya mezani bila UPS: kilichokuwa kinaandikwa kwenye flashi kinaweza kupotea, na diski ya mgeni inaweza kuhitaji kukaguliwa. Ukiwa na UPS, tumia dakika zake kuhifadhi hali ya mashine:

`VBoxManage controlvm "Mizani" savestate`

Weka amri hiyo kwenye faili la .bat mezani, karani abonyeze mara mbili tu. Umeme ukirudi, vifaa vya USB huenda ukahitaji kuviweka tiki upya. Fahamu pia kwamba snapshoti hairudishi kilichofutwa kwenye folda ya pamoja, kwani folda hiyo haimo ndani ya mashine; ifanyie nakala yake ya akiba.

Napata ujumbe «is busy with a previous request».

Kifaa kimeshikwa na programu nyingine ya mwenyeji, au makabidhiano ya awali hayakukamilika. Chomoa, subiri sekunde kumi, tumia tundu lingine, hasa la nyuma ya kompyuta badala ya la mbele. Zima programu ya simu au ya modemu iliyofunguka kwa mwenyeji. Kwa Windows, fungua `cmd` kama msimamizi na uandike `sc query VBoxUSBMon`. Kama haisemi RUNNING, jaribu `sc start VBoxUSBMon`, na ikishindikana sakinisha VirtualBox upya kisha uwashe kompyuta upya.

Situmii VirtualBox. Mambo ni yaleyale?

VMware Workstation Pro imekuwa bure hata kwa biashara tangu Novemba 2024. USB yake iko «VM», «Removable Devices», «Connect». Folda za pamoja kwenye Linux ziko `/mnt/hgfs`, na zisipotokea:

`sudo vmhgfs-fuse .host:/ /mnt/hgfs -o allow_other`

KVM kwa virt-manager: «Add Hardware», «USB Host Device» kwa vifaa, na virtiofs kwa folda. Kwa virtiofs weka kwanza tiki ya «Enable shared memory» kwenye kipengele cha kumbukumbu, la sivyo mashine haitawaka.

Hyper-V haimpi mgeni kifaa cha USB moja kwa moja kama hizi nyingine. Kwa Windows ndani ya Windows, Enhanced Session inaweza kupitisha diski na printa. Mizani na modemu hapana. Kama kazi yako ni mizani, tumia VirtualBox au VMware.

Kamera ya kompyuta naipelekaje kwa mgeni?

Sakinisha Extension Pack, washa mgeni, kisha «Devices», «Webcams», weka tiki. Usiipitishe kwa menyu ya USB: picha hukatika au haiji kabisa. Funga kwanza programu yoyote ya mwenyeji inayoitumia kamera, ikiwemo kivinjari kilichoachwa wazi kwenye mkutano.